Kupanga Rangi za Maua ya Ukumbini: Mfano wa Zambarau na Dhahabu

Kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam humwendea mpambaji zikiwa zimekwisha kuchagua rangi, na jozi ya zambarau na dhahabu hupendwa sana. Ni jozi nzuri kweli, kwa sababu dhahabu ni jamii ya manjano, na katika duara la rangi (mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko) zambarau na manjano hutazamana, na rangi zinazotazamana hukolezana zinapowekwa pamoja. Kinachoiharibu ni vipimo: zikigawanywa nusu kwa nusu, macho hayapati pa kutulia.

Hatua ya 1. Kagua ukumbi kabla ya kununua ua lolote. Nenda jioni, taa zikiwa zimewashwa, ukiwa na kipande cha kitambaa cha meza. Chini ya taa zenye mwanga wa manjano, zambarau iliyokoza hufifia na kukaribia weusi, hata kama maua hayohayo yalipendeza sokoni mchana. Ukikuta taa za namna hiyo, chukua zambarau hafifu zaidi.

Hatua ya 2. Gawa rangi kwa uzito wake. Johannes Itten, mchoraji Mswisi aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia 1919 hadi 1923, alitegemea vipimo vya mng'ao vya Goethe, mwandishi Mjerumani aliyechunguza rangi, ambavyo huipa manjano 9 na zambarau 3. Kwa kuwa manjano hung'aa mara tatu zaidi, sehemu 1 yake hutosheleza sehemu 3 za zambarau. Kwa kanuni hiyohiyo, chungwa sehemu 1 huhitaji buluu sehemu 2, na nyekundu hulingana na kijani sawa kwa sawa. Vipimo hivi vinahusu rangi kamili, yaani zisizopauka, hivyo manjano iliyopauka unaweza kuiongeza kidogo.

Pima kwa eneo linaloonekana, wala usihesabu mashina. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya joto letu: mawaridi ya manjano yanayoletwa kutoka Arusha yakiwa yamefumba huchanua haraka yakifika pwani, na manjano iliyokuwa robo ya chombo asubuhi huweza kufikia theluthi wageni wanapoingia. Kwa hiyo, asubuhi acha manjano ionekane pungufu kidogo.

Hatua ya 3. Chagua majani kwa makini, maana kijani nacho ni rangi. Majani ya kijani kilichokoza huisaidia zambarau, lakini yenye mabaka au kingo za manjano yahesabie upande wa manjano.

Hatua ya 4. Chomeka majani kwanza, kisha zambarau, na manjano mwisho. Manjano ni rangi ya joto na huonekana kusogea mbele. Ikusanye karibu na kitovu cha chombo, chini kidogo, badala ya kuitawanya pembezoni ambako itavuta macho huku na huko.

Hatua ya 5. Weka chombo juu ya kitambaa chenyewe, kipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Maua yakimezwa na kitambaa, tatizo ni kwamba vyote vina ukolevu uleule, na kuongeza rangi ya tatu hakutasaidia. Badilisha baadhi ya maua ya zambarau kwa yaliyo hafifu zaidi, au ongeza krisanti nyeupe moja au mbili tu, kwani penye mwanga mdogo nyeupe huonekana kabla ya rangi nyingine zote.