Jinsi ya kukagua mtungi wa oksijeni wa ambulensi kabla hujatoka (na ile washa iliyonikesha)

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, nesi, ndo kwanza anaanza shifti za ambulensi hapa Arusha, alinipigia saa kumi na moja alfajiri. "Shikamoo kaka, mtungi unasoma mia na ishirini, utanifikisha KCMC?" Yaani geji, ile saa ya presha, inasoma bar 120, na KCMC ni hospitali ya rufaa kule Moshi. Nikamuuliza mtungi wenyewe wa lita ngapi, mgonjwa anatumia lita ngapi kwa dakika, na washa (kile kipete kidogo kinachoziba gesi isivuje) umeiangalia? Kimya. Sikumlaumu, maana hakuna aliyemwonyesha, na mimi pia hakuna aliyenionyesha. Tukakaa kwenye simu kama dakika ishirini tukaenda moja moja mpaka akatoka. Nimeona niandike yale yale niliyomwambia, kwa ajili ya wote mnaokaa kule nyuma na mgonjwa.

Naongelea Land Cruiser hadtopu ya kawaida yenye mtungi wa lita 10, ndo niliozoea. Kiwango cha oksijeni kinapangwa na daktari au nesi aliyempokea mgonjwa, hapa naongelea vifaa tu.

Hatua ya 1: Mikono

Nawa kwa sabuni, kausha. Mwezi wa saba baridi ya huku kila mtu kajipaka mafuta ya mgando mikononi na mdomoni, na mafuta yakikutana na oksijeni ya presha kubwa yanaweza kuwaka bila hata kiberiti. Kwa hiyo hakuna mafuta, hakuna grisi, hakuna tambaa la dereva lililofutia dipstiki. Regyuleta (kile kifaa unachofunga juu ya mtungi kushusha presha) ikigoma kuzunguka usiiwekee kitu chochote, ipelekeni kwa fundi wa vifaa tiba.

Hatua ya 2: Soma bega la mtungi

Pale juu penye mviringo pamegongwa namba kwenye chuma. Tafuta herufi WC na lita zake, ndo ujazo wa mtungi. Rangi usiitegemee, kuna mitungi myeusi yenye bega jeupe, kuna myeupe mwili mzima, mingine imepakwa rangi upya na mtu asiyejua. Soma lebo.

Hatua ya 3: Washa (hapa soma polepole)

Kuna regyuleta za aina mbili. Kuna ya nati, unazungusha inaingia kwenye mdomo wa mtungi, na kuna ya kubana, ina kama pingu inayozunguka kichwa cha mtungi, skrubu upande mmoja, na kwa ndani pini mbili ndogo zinazoingia kwenye matundu mawili. Zile pini zipo ili usije ukafunga gesi nyingine kwa bahati mbaya, kwa hiyo kama haziingii usizipige tupa wala usilazimishe, umeshika mtungi usio wake au regyuleta isiyo yake.

Ya kubana ina washa ndogo ya duara inayokaa kati ya regyuleta na mtungi. Ni kitu kidogo kuliko sarafu. Hiyo ndo ilinikesha.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi tulikuwa tunamaliza mitungi kama maji. Unauacha jioni una 140, asubuhi 60. Tukasema wanaotujazia wanatupunja, tukabadilisha mitungi mitatu ndani ya wiki moja, hali ile ile. Usiku mmoja, saa tano hivi, hakuna mwito, nikasema leo silali mpaka nijue. Nikabadilisha flometa, ile inayopima lita kwa dakika. Nikabadilisha chupa ya maji inayolowanisha oksijeni. Nikafunga na kufungua regyuleta sijui mara ngapi, nikaikaza na spana malaya mpaka mkono ukauma (hilo lilikuwa kosa, nitaeleza). Nikaweka washa mpya, bado. Jenereta inanguruma pale nje kwa hiyo hata ile sauti ya ssss huisikii. Saa nane na kitu umeme ukarudi, jenereta ikazimwa, ndo nikaisikia, nyembamba kabisa, pale pale nilipoweka washa mpya.

Nikaitoa regyuleta nikaimulika na tochi ya simu kwa ndani. Kuna duara jeusi ambalo muda wote nilidhani ni sehemu ya chuma. Nikaligusa na kijiti cha meno likasogea. Ilikuwa washa ya zamani, imebonyea na kugandamana na chuma, na mimi nilikuwa naweka mpya juu yake. Mbili zikikaa pamoja hazilali sawa, gesi inapita katikati. Nilipoitoa ile ya zamani na kuacha moja tu, mtungi ukakaa na presha ile ile mpaka asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga:

Mulika ndani kwa tochi, hata kama umeambiwa jana imebadilishwa. Iwe washa moja, sio mbili, sio sifuri. Ya zamani itoe kwa kijiti cha meno au cha plastiki, bisibisi inachubua chuma, na mchubuko ukishakuwepo hakuna washa itakayoziba. Ikiwa imepasuka au ina alama ya mfereji mzito, tupa. Mimi natembea na tano kwenye kimfuko cha dawa mfukoni, na nawaomba sana kila gari liwe nazo, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mtungi mzima wa gesi uliopotea.

Kaza kwa mkono. Mkono peke yake. Ukiona inavuja ukafikiria spana, simama, angalia washa tena, kwa sababu kukaza kupita kiasi ndo kunakoiponda ile washa na wewe unakuwa umetengeneza uvujaji wa kesho. Ya nati hiyo inakazwa na spana yake, kiasi tu, na kama ina oringi (mpira mdogo wa duara) kwenye ncha iangalie vile vile.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiweke. Najua wengi wanaweka, inaonekana imesaidia, lakini sio kazi yake na vipande vyake vinaingia kwenye regyuleta. Na wale wanaopaka povu la sabuni kutafuta tundu, mimi sipendi, sabuni nyingine zina mafuta ndani yake. Tumia mshale wa geji, hatua inayofuata.

Jambo moja zaidi, kabla hujafunga regyuleta fungua mtungi kidogo sana kwa sekunde moja utoe vumbi, mdomo ukiangalia mbali na watu. Barabara za huku mnazijua, vumbi linaingia kila mahali.

Hatua ya 4: Jaribu mshale mara mbili

Fungua mtungi polepole mpaka mwisho, halafu rudisha robo mzunguko. Flometa ikiwa sifuri soma geji. Sasa funga mtungi, usiguse kitu kingine, subiri dakika tano. Mshale ukibaki palepale, huvuji. Ukishuka, rudi hatua ya 3.

Jaribio la pili watu wengi hawalifanyi, na kutolifanya ndo kunakoua. Fungua mtungi, fungua flometa mpaka 15, uangalie mshale kwa sekunde kumi. Mshale usitikisike. Ukiporomoka halafu ukifunga flometa unapanda tena taratibu, maana yake mtungi umefunguliwa nusu tu, au vali ina shida. Mtungi uliofunguliwa kidogo unasoma umejaa vizuri tu wakati hakuna anayevuta. Na mtungi uliofungwa kabisa bila kutoa gesi iliyobaki kwenye regyuleta nao unasoma vizuri, unaenda kumwekea mgonjwa barakoa, anapata sekunde chache basi.

Niliwahi kubeba mzee kutoka upande wa Usa River, mshale unasoma 130, tumefika Kikatiti oksimeta (kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni kwenye damu) inashuka, asilimia 90, 86, 81. Mtungi ulikuwa umefunguliwa kidogo tu, na matuta yalivyoturusha nadhani ukajifunga. Nilianza kumpa pumzi kwa ambu begi, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono, huku nahangaika na ufunguo, mtoto wake ananiangalia machoni. Mzee alifika, ila ule uso wa kijana wake sijausahau. Tangu siku hiyo ufunguo wa mtungi naufunga kwa kamba kwenye shingo ya mtungi wenyewe.

Hatua ya 5: Hesabu

Lita za mtungi mara namba ya bar kwenye geji ndo lita za oksijeni ulizonazo. Kabla hujazidisha toa bar 20, hizo ni akiba, usiziguse kwenye hesabu.

Mtungi wa yule mdogo wangu: 120 toa 20 ni 100, mara lita 10 ni lita 1000. Mgonjwa wake alikuwa kwenye barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika, kwa hiyo ana dakika 100. Angekuwa kwenye 15 angekuwa na dakika 66 tu. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, na mimi naihesabia saa moja na nusu, malori pale Tengeru, matuta, foleni ya kuingia Boma Ng'ombe. Halafu kuna muda ambao kila mtu anausahau, mgonjwa akifika mapokezi bado anapumua kwenye mtungi wako mpaka wampatie kitanda na oksijeni yao. Sheria yangu ni muda wa safari mara mbili. Dakika 90 mara mbili ni 180, yeye ana 100. Hautoshi, chukua mtungi wa pili.

Akachukua. Na kabla ya kutoka nikamwambia muulize daktari, mgonjwa anasoma ngapi kwenye oksimeta? Alikuwa 99. Wagonjwa wazima wengi lengo ni 94 mpaka 98, na wenye ugonjwa sugu wa mapafu wa muda mrefu ni 88 mpaka 92, kwa hiyo 99 kwenye lita 10 mara nyingi ni gesi inayoenda bure. Daktari akamhamishia barakoa ya kawaida lita 5, akakaa 96. Lita zile zile 1000 zikawa dakika 200. Ila angalia, barakoa ya kawaida usiishushe chini ya 5, mgonjwa anaanza kuvuta hewa yake mwenyewe aliyoitoa, na ile ya mfuko iwe 10 kwenda juu, mfuko usinywee. Ukitaka lita 1 mpaka 4, weka mirija ya puani.

Geji ikisoma psi, gawa kwa 14.5 upate bar. 2000 psi ni kama bar 138.

Hatua ya 6: Fungia mtungi

Mkanda wa kukaza wenye klipu ya chuma, sehemu mbili, juu na chini. Mpira wa ndani wa baiskeli hapana, hata kama ndo mmezoea.

Hatua ya 7: Njiani

Soma mshale kila dakika kumi na uandike kwenye fomu. Oksimeta ikishuka ghafla mwangalie mgonjwa kwanza, rangi ya midomo, anapumuaje, halafu mtungi, halafu ndo kidole. Vidole vya baridi na vyenye piko vinaidanganya oksimeta, jaribu kidole kingine au ncha ya sikio. Mimi napenda oksimeta yenye waya kuliko ile ya kubana kidoleni, ya kubana inachomoka kwenye kila tuta.

Zile mashine za kutengeneza oksijeni kwa umeme ni nzuri sana wodini, ila kwenye gari nisingemtegemea mgonjwa wangu kwake, inveta ikizima umebaki mikono mitupu. Na ambu begi ikae kichwani mwa mgonjwa, imeshafungwa barakoa ya saizi yake, sio ndani ya kabati.

Ukishakabidhi mgonjwa, funga mtungi, fungua flometa mpaka mshale ushuke sifuri, kisha funga flometa. Bandika tepu nyeupe ya hospitali begani uandike bar zilizobaki, tarehe, saa na jina lako. Wa shifti inayofuata akifungua na asikute namba hiyo, anajua kuna kitu kinavuja na anajua wa kumpigia.