Kabla hujachagua seva ya barua pepe
Usivutiwe kwanza na wingi wa vipengele. Angalia programu imejengwaje. Postfix ya Wietse Venema, iliyotoka 1998, imegawanywa katika programu ndogo ndogo zenye ruhusa chache, hivyo kasoro kwenye moja haifiki mbali. Exim, seva nyingine ya barua pepe, inakupa uhuru mkubwa wa kupanga sheria za kupokea barua, na kuna kazi zinazouhitaji kweli, lakini ni programu moja kubwa yenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kasoro ya usalama CVE-2019-10149 (hiyo ni namba yake rasmi), iliyotangazwa Juni 2019, iligusa matoleo ya Exim 4.87 hadi 4.91. Waliokuwa wameshahamia 4.92, lililotoka Februari mwaka huo, walikuwa salama tayari dhidi ya kasoro hiyo. Kwenye terminali ya seva, andika `exim -bV` (kwa Exim) au `postconf mail_version` (kwa Postfix) leo uone uko toleo gani.