Namna ya kulinganisha hatua za mwanzo za kopepodi: vimelea na wanaoishi huru

Ukitaka kujua maisha ya ukimelea yamembadilisha vipi kopepodi, krasteshia mdogo wa majini (jamii ya kamba na kaa), anza na lava wake. Jike mpevu wa Lernaea, kopepodi kimelea, aliyejichimbia kwenye mwili wa samaki hafanani na krasteshia hata kidogo. Mwaka 1758 Linnaeus alimweka kwenye Vermes, kundi lililobeba minyoo. Lakini lava anayetoka kwenye yai lake, yaani naupliasi, ana jicho moja katikati na jozi tatu za viungo, kama naupliasi yeyote anayeelea na planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyochukuliwa na maji.

Hatua ya 1: Pata majike wenye mayai. Kwa upande wa wanaoishi huru, chukua Tigriopus. Ni mvumilivu na anafugika kwa urahisi. Kwa upande wa vimelea, chukua chawa wa samoni, Lepeophtheirus salmonis. Mayai yake yamepangwa mstari mmoja ndani ya nyuzi mbili ndefu. Zikate karibu na mwili, ukichagua zilizoanza kuwa nyeusi, kwa sababu rangi hiyo ni ya lava walio karibu kuanguliwa.

Hatua ya 2: Angulisha. Tumia maji ya bahari yaliyochujwa, joto lisiyumbe. Kwenye 10°C, chawa huchukua takriban siku nne tangu kuanguliwa hadi kufikia hatua ya kopepodidi, ile inayofuata naupliasi. Usimlishe: anaishi kwa akiba ya kiini cha yai. Tigriopus mpe mwani.

Hatua ya 3: Hesabu magamba. Tenga naupliasi mmoja mmoja, kila mmoja na kisahani chake, na utafute gamba kila anapojivua. Tigriopus atapita hatua sita za naupliasi, chawa mbili tu.

Hatua ya 4: Tambua hatua kwa viungo. Hapa ndipo pa kutulia, maana wengi hulinganisha namba: wanaona mbili dhidi ya sita, wanaandika kwamba kimelea amekatisha ukuaji, basi. Namba peke yake haikuambii kilichopungua ni kipi. Mweke kopepodidi wa kwanza wa kila aina chini ya hadubini, tumbo likiwa juu, uhesabu miguu ya kuogelea iliyokwisha kufanya kazi. Tigriopus ana jozi mbili. Chawa naye, aliyejivua mara mbili tu tangu kuanguliwa, ana jozi mbili, na zaidi ya hizo ana antena zenye kulabu za kumkamatia samaki. Kwa hiyo wote wawili wamefika pale pale. Kilichofupishwa ni safari ya naupliasi. Na sababu unaiona kwenye utumbo: asiyekula hana haja ya hatua nyingi za kukuza viungo vya kulia.

Salmincola, kopepodi mwingine kimelea wa samaki, amekwenda mbali zaidi. Anayetoka kwenye mayai yake na kuogelea kumtafuta samaki ni kopepodidi moja kwa moja. Pasua yai lililokomaa kwa sindano ya hadubini kabla hujaandika kwamba naupliasi hayupo. Hatua hiyo hupitwa ndani ya ganda.

Hatua ya 5: Weka matokeo kwenye mti wa nasaba. Andika sifa tatu kwa kila spishi: idadi ya naupliasi, kama wanakula, na hatua inayomwingia mwenyeji, yaani mnyama anayebeba kimelea. Usizichanganye kuwa sifa moja. Neoergasilus japonicus ni kimelea wa samaki, ila ana naupliasi sita kamili, kwa kuwa anayejishikiza kwa samaki ni jike mpevu. Hao wadogo bado wanaishi kwenye planktoni. Monstrilla wamepindua mambo: naupliasi ndiye anayepenya mwili wa mnyoo wa baharini, kisha mpevu hutoka akiogelea huru, bila viungo vya kulia. Ukiwaweka hawa wote chini ya alama moja ya "kimelea", mti utakuonyesha badiliko moja mahali palipotokea kadhaa.