Lupa ya swichi moja: fundisha mguu kabla ya vidole

Ukijifunza gitaa la solo peke yako, huna wa kukupigia rithimu. Lupa inaziba pengo hilo: ni pedali inayonasa ulichopiga na kukirudia mpaka uisimamishe. Hapa nazungumzia zile ndogo za swichi moja, kama TC Electronic Ditto au Boss RC-1.

Hatua ya 1. Unganisha kwa mpangilio huu: gitaa, pedali zako nyingine, kisha lupa, halafu amplifaya. Lupa ikikaa mwisho utanasa rithimu kwa sauti safi, kisha uwashe distoshani (pedali ya sauti ya kukwaruza) ya solo bila kugusa kilichonaswa. Umeme ni volti 9, hasi katikati ya plagi. Soma alama kwenye adapta kwanza, maana adapta ya redio inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikaiunguza pedali.

Hatua ya 2. Usipige chochote. Shika nyuzi zisilie, hesabu hadi nne kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, ukanyage tu. Kanyago la kwanza linaanza kurekodi, la pili linafunga mzunguko na kuurudia, la tatu linaongeza tabaka. Mara mbili haraka, inasimama. Ikiwa imesimama, kanyaga ushikilie: inafuta.

Mzunguko haufungwi kwenye "nne". Unafungwa kwenye "moja" inayofuata. Ukiwahi, rithimu inachechemea kila inaporudi. Ukichelewa, panabaki shimo. Mimi nilimaliza wiki nzima nikiamini pedali ni mbovu, kumbe ni mguu wangu. Kwa mwendo huo, kuhesabu hadi nne mara nne, yaani vipimo vinne vya mapigo manne, ni sekunde 12 kamili. Jipime kwa saa. Na utakapoanza kupiga, mkono usisimame unapokanyaga: endelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hatua ya 3. Sasa kodi (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za mapato): C, F, G, F, kipimo kimoja kila moja. Piga rithimu nyepesi, uache nafasi.

Hatua ya 4. Ongeza second solo, ile ambayo Wakongo huiita mi-solo: vipande vifupi vya kodi zilezile kwenye nyuzi nyembamba, vikijibu rithimu badala ya kuifunika. Tabaka mbili zinatosha. Juu yake, solo.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, nikianza solo nafunikwa kabisa.
Punguza kitufe cha sauti cha lupa hadi karibu nusu. Hakigusi sauti ya gitaa unalopiga wakati huo.

— Nikikosea tabaka la pili, nafuta yote?
Hapana. Kanyaga ushikilie huku ikiendelea kupiga. Linaondoka la mwisho tu.

— Kaka, mie nina gitaa kavu.
Kama lina pikapu (kinasa sauti cha gitaa), chomeka. Kama halina, weka pikapu ya kubana kwenye tundu la sauti.

— Programu ya simu haitoshi?
Kwa kuonja, inatosha. Ila kidole lazima kiache nyuzi kiguse kioo, na kiache hasa kwenye ile "moja".

— Metronomu, ile ya kugonga mapigo, niitumie?
Itumie, ila isikie kwa spika ya simu pembeni. Ikipita kwenye lupa itanaswa nayo, na utagongewa mpaka usiku.