Kigari cha bati cha sprinti ya 1955: vipimo, vifaa na makosa ya kuepuka

Gari la sprinti ni gari dogo la mbio la Marekani, la magurudumu wazi, linalokimbia kwenye viwanja vya mviringo, hasa vya udongo. Kabla ya kushika mkasi wa bati kutengeneza mfano wake, chagua mwaka. Kosa linaloharibu vigari vingi vya sprinti ni kuchanganya enzi: bodi ya 1955, tairi nene la nyuma la 1975, na juu yake kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva, ambacho magari mengi hayakuwa nacho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kigari cha namna hiyo kinavutia, ila kinaficha jambo kubwa kuliko yote katika mbio zile: gari likipinduka, kitu cha kwanza kugusa ardhi kilikuwa kichwa cha mtu.

Maelezo haya yanafuata mwaka 1955. Mwezi Mei mwaka huo Mike Nazaruk, dereva aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1951 katika Indianapolis 500, mbio kubwa za maili 500 za Marekani, alifia kwenye uwanja wa Langhorne, Pennsylvania, njia ya udongo ya duara yenye urefu wa maili moja. Bob Sweikert alishinda Indianapolis 500 mwaka huohuo wa 1955, na Juni 1956 akafa akiendesha gari la sprinti Salem, Indiana. Ukichukua mwaka huu, sheria ni nyepesi kuzikumbuka: hakuna kizimba na hakuna bawa, yaani bati pana linalofungwa juu ya gari ili upepo ulikandamize chini. Bawa la kwanza lilifungwa na Jim Cushman mwaka 1958 kule Ohio, kwa hiyo kigari cha 1955 chenye bawa ni kosa hata kama kimetengenezwa vizuri namna gani.

Vifaa

Kipimo ni moja kwa kumi: sentimita 10 za gari halisi ni sentimita 1 ya kigari. Tafuta makopo 2 ya maziwa ya unga ya gramu 900, waya wa milimita 3 urefu wa mita 1 na nusu, waya mwembamba wa kufungia nondo mita 3, spoku 2 za baiskeli, jozi moja ya ndala zenye soli ya unene wa sentimita 1 na nusu, kipande cha antena ya redio iliyokufa, kipande cha mti mwepesi cha kuchongea dereva, lehemu, flaksi (dawa ya kusafisha bati ili lehemu ishike), gundi ya viatu, na msasa namba 120 na 400. Ndala usinunue mpya. Hapa Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria kule Igombe au Kirumba, zimetupwa tele, na zilizokaa juani zimekakamaa, jambo linalofaa kwa tairi. Usitumie kopo la soda kwa bodi. Ni la alumini, na lehemu ya kawaida haishiki alumini hata ukiichoma mchana kutwa.

Usikate kopo lolote la kupuliza, la dawa ya mbu au la rangi, hata kama linaonekana tupu. Gesi iliyobaki ndani inalipuka.

Kama huna pasi ya lehemu, fundi bati anayetengeneza koroboi na majiko anaweza kukuunganishia. Mpelekee vipande vyote vikiwa vimekatwa na kusafishwa, maana kinachokula muda ni usafi wa bati, kuunganisha kwenyewe ni kazi ndogo.

Chasisi

Kata nyaya mbili za milimita 3, kila mmoja sentimita 26. Hizi ndizo reli za chasisi, na ziachane sentimita 5 na nusu. Zishike kwa nyaya za kuvuka nne: mbele kabisa, nyuma ya injini, chini ya kiti, na nyuma kabisa. Kila kiungo kizungushie waya wa nondo mara 3 au 4 kabla ya kutia lehemu. Ukigusanisha ncha kwa ncha na kutegemea lehemu peke yake, kiungo kitaachia siku ya kwanza kigari kikianguka, kwa sababu lehemu ni laini na nguvu yake iko kwenye eneo inaloshika. Flaksi ya asidi ioshe kwa maji ya moto na sabuni mara tu unapomaliza. Ikibaki, kutu inaanzia hapohapo kwenye kiungo. Fanyia kazi hii nje au dirishani, maana moshi wake si wa kuvuta.

Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 22. Ekseli ni spoku, kila moja sentimita 16. Usijaribu kuziunganisha kwa lehemu: spoku nyingine ni za chuma kisichoshika kutu, nazo zinaikataa lehemu ya kawaida. Badala yake zungusha waya wa nondo mara 5 kwenye msumari wa inchi 2, uutoe, upate kikoba kidogo. Vikoba 4 vitiwe lehemu chini ya reli, na spoku ipite ndani ikizunguka bila kubanwa.

Matairi

Hapa ndipo kigari kinapopata uhai, kwa hiyo usiharakishe. Matairi ya nyuma ni ya kipenyo cha sentimita 7, ya mbele sentimita 6 na nusu, na upana wote ni ule unene wa ndala. Wengi hukosea kwa kuyafanya madogo na manene. Magari ya wakati ule yalikaa juu ya magurudumu marefu membamba, ndiyo maana yalikuwa marefu kwa kimo na mepesi kupinduka. Chora duara, kata kwa wembe nje kidogo ya mstari, kisha pitisha spoku katikati na uzungushe tairi juu ya msasa namba 120 mpaka liwe duara kweli. Pande zote mbili bandika visahani vya bati vya sentimita 4 na nusu nyuma na sentimita 4 mbele.

Sasa ufundi wenyewe. Gari la sprinti halina difu: magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja. Gundisha yote mawili kwenye spoku kwa nguvu. Kisha lile la kulia lifanye kubwa kuliko la kushoto kwa milimita 2, yaani milimita 72 kwa 70. Ukikisukuma kwenye sakafu ya saruji, kigari kitajikunja chenyewe kuelekea kushoto, upande mbio hizi zinakozungukia, kikichora duara la kama mita 4 na nusu kutoka katikati hadi ukingoni. Ukitaka duara dogo, ongeza tofauti iwe milimita 3. Kikienda moja kwa moja, ujue gurudumu moja limeachia gundi na linazunguka peke yake. Magurudumu ya mbele yabaki huru.

Magurudumu hayo yaliyo wazi, bila madigadi, ndiyo yalikuwa chanzo cha ajali nyingi. Tairi la mbele la gari moja likigusa tairi la nyuma la gari jingine linalozunguka kwa kasi, linapanda juu yake na gari zima linarushwa. Kwa hiyo ukitengeneza vigari viwili vya kuweka pamoja, vipange vikiwa vimekaribiana hivyo, tairi kwa tairi. Ndivyo walivyokimbia kweli.

Bodi

Sugua bati pande zote mbili mpaka ling'ae, hasa ndani ya kopo, kwa kuwa lina utandu wa rangi usioonekana vizuri unaozuia lehemu kushika. Boneti ni kipande cha sentimita 10 kwa 13, upande wa mbele ukipunguzwa hadi sentimita 11 na nusu ili pua iwe nyembamba. Likunje juu ya chupa, si kwa vidole, la sivyo litapata mikunjo isiyotoka. Mbavu za pembeni mwa dereva zina kimo kidogo: ukingo wa juu uwe sentimita 7 na nusu kutoka ardhini, wakati boneti inafika 9.

Mkia ndio mgumu. Una mviringo wa kwenda nyuma na wa kushuka pembeni kwa wakati mmoja, na bati halinyooki pande mbili. Ukilazimisha kipande kimoja, kitajikunyata. Kata pande 3 ndefu zilizochongoka, sentimita 12 kila moja, uziunganishe kama pande za kofia, kisha jaza lehemu kwenye mishono na usugue. Juu ya mkia weka kifuniko cha tenki, kiduara cha milimita 6. Kisisahaulike. Tenki la mafuta lilikaa mgongoni pa dereva, ndani ya mkia huo mwembamba, na ukuta ukiupasua mkia, mafuta yanammwagikia yeye. Magari mengi yalitumia methanoli, ambayo moto wake hauonekani vizuri kwenye jua: mtu anaweza kuwa anaungua na walio kando wasijue haraka.

Ekzosi tengeneza kwa antena ya redio, urefu wa sentimita 18, na nyaya fupi 4 zikitoka kwenye boneti kuingia humo, kwa kuwa injini iliyotamba ilikuwa Offenhauser ya silinda 4, ile ya inchi za ujazo 220, karibu lita 3.6. Upande gani ekzosi inapita, fuata picha ya gari unalolinakili. Stata usiweke mahali popote: magari haya hayana. Huwashwa kwa kusukumwa na gari jingine.

Dereva

Watu huchonga bodi kwa siku nzima, halafu dereva wanampachika dakika za mwisho, mdogo, amezama ndani kama yuko kwenye gari la leo. Hapo kazi yote inapotea. Mchonge akiwa na sentimita 9 kutoka makalio hadi utosi wa kofia, na kiti chake kiwe sentimita 4 kutoka ardhini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Miguu itanuke, kwa sababu shafti ya kupeleka nguvu ya injini nyuma inapita katikati yake. Ukimkalisha hivyo, utosi unafika sentimita 13, na mabega yanapita ukingo wa bodi kwa sentimita 2 hivi. Weka rula juu ya kigari, kutoka boneti hadi mkia. Kila kilicho juu ya rula hiyo ni mwili wa mtu.

Mikono ipake rangi ya ngozi kuanzia juu kidogo ya kiwiko, maana wengi walivaa fulana za mikono mifupi. Kofia iwe ya uso wazi. Kofia ya kufunika uso mzima ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpe miwani ya vumbi na leso puani na mdomoni. Mkanda ni mmoja tu wa kiunoni, utepe wa kitambaa wa milimita 5, bila mikanda ya mabega. Miaka ya nyuma zaidi hata huo haukuwepo, kwa kuwa wengi waliamini ni afadhali kurushwa nje kuliko kubaki chini ya gari.

Ukiamua kutengeneza gari la 1966 badala ya hili, weka upinde mfupi wa bomba nyuma ya kichwa. Lakini usiupandishe sana. Mwaka huo, pamoja na pinde hizo, Jud Larson na Red Riegel walikufa katika ajali moja Reading, Pennsylvania, mwezi Juni, na Novemba Don Branson na Dick Atkins wakafa pamoja Ascot Park, California.

Rangi

Paka rangi ya msingi ya bati kwanza, iache siku moja, kisha rangi ya mafuta mara mbili nyembamba. Namba ichore kwa rangi ya kucha na brashi yake, mkononi, bila stika. Halafu paka vanishi, chukua udongo mkavu uliochekechwa kwa kitambaa, upulizie upande wa mbele na chini wakati vanishi bado inanata.

Unyevu wa ziwani hauna huruma na bati. Chini ya kigari, kwenye viungo, paka vanishi mara 3, na baada ya masika kigeuze uangalie vile vikoba vya ekseli. Kutu ikianza kuonekana, isugue kwa msasa namba 400, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha kikauke, ndipo urudie vanishi.