Neno fast: jinsi ya kulitafsiri bila kukimbilia "haraka"

Mgonjwa anapewa karatasi iliyoandikwa "fasting blood sugar, tomorrow morning". Anaisoma njiani, analijua neno fast tangu shule ya msingi, anajiridhisha kwamba kesho anapimwa sukari chapchap. Asubuhi anakunywa chai na chapati, kisha anapanda daladala kwenda hospitali. Huko anaulizwa swali moja tu, umekula? Anarudishwa nyumbani.

Mimi hutafsiri vipeperushi vya afya na maelekezo ya bidhaa, na neno hili la herufi nne hunipa kazi kuliko maneno marefu ya kitabibu. Maneno marefu yanakutisha, unafungua kamusi. Fast haikutishi. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza kama ni kufunga chakula

Ukiona fasted, fasting, au a fast na the fast zinazosimama peke yake bila neno la kitu baada yake, ondoa kabisa wazo la mwendo. Hapo mtu amefunga. Fasting haimaanishi kwenda kasi hata siku moja. Dereva anayekimbiza gari kupita kiasi, Waingereza humwambia yuko speeding.

Kwa habari za dini kazi ni nyepesi, kwa sababu maneno tunayo tele: kufunga, mfungo, saumu, Ramadhani, Kwaresima. Angalia tu mwisho wa mfungo. Breakfast imeunganishwa na break na fast, yaani kukatisha mfungo wa usiku, nasi tunaiita kifungua kinywa au chai ya asubuhi. Lakini "she broke her fast at sunset" katika habari ya Ramadhani ni alifuturu. Ukiandika alipata kifungua kinywa magharibi, msomaji wa Unguja au Lamu atacheka, na ana haki.

Hospitali ndiko kwenye mtego. Ukitafsiri "come fasting" kuwa "uje ukiwa umefunga", umesema kweli, lakini Mwislamu anaweza kuelewa kwamba hata maji asinywe, na mwingine atajiuliza afunge kuanzia lini. Kipimo cha sukari cha aina hii kinataka angalau saa 8 bila chakula wala kinywaji chenye sukari au maziwa. Maji matupu hayana shida. Basi andika hivyo hivyo: "Usile chochote, wala usinywe chai, maziwa au soda, kuanzia saa 4 usiku hadi upimwe. Maji ya kunywa yanaruhusiwa." Sentensi imekuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Iache iwe ndefu.

Na usikichanganye na rapid test, kama kile cha malaria cha tone la damu kidoleni. Hicho ndicho kipimo cha haraka.

Hatua ya 2: Uliza, kuna kinachokwenda au kuna kinachoshika?

Kama si kufunga chakula, swali hili linamaliza nusu ya kazi. Watu wengi hudhani maana ya msingi ya fast ni mwendo. Sivyo. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa fæst, na maana yake ilikuwa imara, isiyotikisika. Wajerumani, ndugu zao kwa lugha, bado wanatumia fest kwa maana hiyo hiyo. Mwendo ulikuja baadaye: kukimbia fast kulikuwa kukimbia kwa nguvu, kwa kukaza, na polepole ile nguvu ikageuka kuwa kasi.

Kwetu jambo hili si geni. Kaza kamba, kaza nati, kaza mwendo tutachelewa: kitenzi kimoja kinashika kamba na kinaharakisha miguu. Na funga je? Tunafunga mkanda wa gari, ambao Waingereza wanasema fasten, na tunafunga Ramadhani, ambayo wanasema fast. Ukiwa na kaza upande mmoja na funga upande wa pili, maana hizi tatu hazitakupotea tena.

Hatua ya 3: Kama kinakwenda, chagua neno linaloendana na kitu chenyewe

Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapochosha, kwa sababu kila kitu kinakuwa "haraka". Kiswahili kina maneno mengi ya mwendo, na kila moja lina mahali pake.

Mashine, magari, upepo na intaneti vina kasi. "Fast internet" ni intaneti yenye kasi. Intaneti ya haraka inasikika kama kitu kilichofungwa kwa dharura. Miguu na moyo huenda mbio: "his heart was beating fast", moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Dawa na rangi ya ukuta hupendeza na upesi: dawa inayofanya kazi upesi, rangi inayokauka upesi. Akili ni nyepesi, kwa hiyo "a fast learner" ni mwepesi wa kuelewa, au kwa lugha ya kawaida, anashika haraka. Anayeongea fast anaongea harakaharaka.

Kwenye mifuko ya mbegu utakuta "fast-maturing maize". Mkulima hasemi mahindi yanakomaa kwa kasi. Anasema yanakomaa mapema, au kwa kifupi, mbegu ya muda mfupi. Ukimwandikia kasi ataelewa, ila atajua maandishi yametoka mezani kwa mtu asiyelima.

Halafu kuna fasta. Neno hilo tumelichukua kwao, tukalivisha irabu, likawa letu: njoo fasta, fanya fasta. Kwenye tangazo la simu au ujumbe kwa vijana linafaa sana. Kwenye maelekezo ya dawa usiliweke.

"How fast" nayo isikuchanganye. Kwa gari ni kasi gani. Kwa mtu anayesubiriwa, "how fast can you get here?" ni "utafika baada ya muda gani?"

Hatua ya 4: Kama kinashika, tafuta kinashika nini

Ukijaribu kupachika haraka ukaona sentensi inageuka kichekesho, uko hatua hii. "Fast asleep" si kulala haraka. Ni kulala fofofo, au usingizi wa pono. Usingizi umemshika. "The car was stuck fast in the mud", gari lilinasa ndi kwenye tope. "Make the boat fast", funga chombo. "Fast friends" ni marafiki wa kufa na kuzikana, hata kama urafiki wao umechukua miaka kujengeka. Na kanisani wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukutana na "hold fast", ambayo ni kushika sana bila kuachia.

Lebo za nguo hutumia colourfast. Maana yake rangi imeshika uzi, maji hayaiondoi. Muuza kanga hukwambia haichuji, basi. Lebo ikisema "not colourfast, wash separately", andika: "Inachuja rangi. Fua peke yake."

Maabara hutumia wazo lile lile. Fomu ya kupima kifua kikuu mara nyingi ina herufi AFB, na kirefu chake ni acid-fast bacilli. Nimewahi kuona mahali imetafsiriwa kama bakteria wa asidi wanaokwenda kasi, na bakteria hawa hawana mbio zozote. Kinachofanyika ni hiki: makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi nyekundu, kisha yanaoshwa kwa mchanganyiko wa asidi na alkoholi. Bakteria wengine huachia rangi. Wa kifua kikuu hawaachii, kwa sababu ukuta wao una nta, na chini ya hadubini wanaonekana vijiti vyekundu. Kwa hiyo ni bakteria wasioachia rangi hata wakioshwa kwa asidi. Fast ya kanga na fast ya kifua kikuu ni moja.

Saa inakaa kivyake. "My watch is ten minutes fast": saa yangu iko mbele dakika 10. Ikionyesha saa 4:10, wakati halisi ni saa 4 kamili.

Hatua ya 5: Ukiandika Kiingereza mwenyewe

Hakuna fastly. Run fast, drive fast, type fast, bila nyongeza yoyote. Kulinganisha ni faster na fastest, si more fast.

Kinachotukwamisha zaidi ni kwamba haraka na mapema vyote tunavipeleka kwenye fast. Nimeamka mapema ni "I woke up early". Nijibu mapema iwezekanavyo ni "please reply as soon as you can". Ukimwandikia bosi "reply fast" unamwamuru. Na jambo linalochukua muda mfupi huwa quick: a quick question, a quick look, a quick shower. Fast question hakuna. Kiswahili chake mara nyingi hata hakitaji haraka, tunasema tu "naomba kuuliza kidogo".

Hatua ya 6: Misemo ibebe nzima nzima

Usiikate vipande. "Not so fast!" ni "ngoja kwanza!" "Hard and fast rule" ni kanuni isiyopindishwa. Maswali yakija "thick and fast" yanakuja mfululizo. Mtu akikwambia "he pulled a fast one on me", amepigwa changa la macho. "Play fast and loose" ni kuchezea jambo, leo hivi kesho vile, kama mtu anayechezea fedha za kikundi au ukweli.

Mwisho, ukiikuta FAST kwa herufi kubwa kwenye bango la kiharusi, simama. Ni kifupisho cha face, arms, speech, time. Kwa Kiswahili herufi hizo hazitoki, na kulazimisha neno jipya linaloanza na F-A-S-T ni kupoteza muda. Tafsiri dalili zenyewe: uso umelegea upande mmoja, mkono mmoja haunyanyuki au unashuka wenyewe, maneno hayatoki sawasawa, usisubiri, mpeleke hospitali sasa hivi, na kumbuka dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu daktari atauliza.