Somo: Kujifunza Kijapani Bila Mwalimu kwa Anayetarajia Kusafiri Japani

Somo hili ni la mtu ambaye hana mwalimu wala darasa karibu naye, lakini ana simu, daftari na nia thabiti ya kuiona Japani kwa macho yake. Msemaji wa Kiswahili huanza na mtaji mzuri, kwa kuwa irabu za Kijapani ni tano zilezile tulizonazo, na karibu kila silabi huishia kwa irabu.

Hatua ya kwanza: herufi

Anza na hiragana, herufi za maneno ya Kijapani chenyewe, kisha katakana, zinazotumika hasa kwa maneno ya kigeni, kila moja ikiwa na alama 46 za msingi. Kila alama husimamia silabi nzima: ka, ki, ku. Ziandike kwa mkono kwa kufuata mpangilio wa mistari, kwa sababu alama nyingine hutofautishwa na mwelekeo tu. Tazama シ (shi) na ツ (tsu): katika ya kwanza vistari viwili vifupi hulala upande wa kushoto, na ule mrefu huchorwa kutoka chini kwenda juu, katika ya pili vistari vifupi husimama juu, na mrefu hushuka kutoka juu. Usiegemee maandishi ya herufi za Kirumi kwa muda mrefu. Utayakuta kwenye vituo vikubwa vya treni, lakini menyu ya mgahawa mdogo au ratiba ya basi la kijijini mara nyingi haina.

Hatua ya pili: matamshi

Hapa pasikupite haraka, maana ndipo wengi wetu hujidanganya kwamba tumeshafika. Urefu wa irabu hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. Vivyo hivyo *kite* ni "njoo", na *kitte*, ambayo pumzi huzibwa kidogo kabla ya t, ni stempu. Tena sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tukisoma Yokohama tunaikaza "ha", ilhali Wajapani huzipa silabi zote nne muda ulio sawa. Sikiliza sentensi fupi, irudie kwa sauti, jirekodi kwa simu, kisha ulinganishe. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, inayotangaza pia kwa Kiswahili, ina masomo ya Kijapani yanayofafanuliwa kwa lugha yetu bila malipo, nami nayapendekeza kuliko programu nyingi za simu zinazomlazimu mtu apitie Kiingereza kwanza.

Hatua ya tatu: sentensi

Kitenzi hukaa mwisho. *Watashi wa mizu o nomimasu* ni "mimi, maji, nakunywa". Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi, kwa hiyo *nomimasu* hufaa kwa mimi, wewe na wao. Kukanusha ni *nomimasen*, na wakati uliopita ni *nomimashita*. Shika umbo hili la *-masu* tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo la heshima kwa mtu usiyemjua. Hesabu ndiyo ngumu zaidi, kwani namba hubadilika kulingana na kinachohesabiwa: watu wawili ni *futari*, tiketi mbili ni *nimai*, chupa mbili ni *nihon*. Aliyelelewa na ngeli hatashangaa sana.

Hatua ya nne: kanji

Kanji ni herufi zenye asili ya Kichina, kila moja ikibeba maana yake. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina kanji 2,136. Kwa safari, anza na zile za njiani: 出口 (kutoka), 入口 (kuingia), 駅 (kituo cha treni), 男 (wanaume), 女 (wanawake) na 円 (yeni).

Maswali ya wanaojifunza

*Mwalimu, ni lazima niwe na cheti ndipo nipewe viza?*

Kwa utalii, hapana. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania au Kenya huhitaji viza kabla ya kusafiri, lakini haulizwi cheti cha lugha. Mtihani wa JLPT, unaopima umahiri wa Kijapani, una ngazi tano, kuanzia N5 iliyo rahisi hadi N1. Anayeomba viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza mwaka 2019, kwa kawaida hutakiwa kuwa na N4 au kufaulu mtihani mwingine wa kiwango hicho. Ujue pia kwamba JLPT ni wa kuchagua majibu, haupimi kuzungumza, kwa hiyo usiache mazoezi ya kusema kwa sababu tu umefaulu.

*Je, naweza kujifunza kwa kutazama katuni za Kijapani pekee?*

Zitalisaidia sikio lako, ndugu yangu, ila usiyabebe maneno yake yote. Wahusika wengi hujiita *ore* (mimi) na kumwita mwenzao *omae* (wewe), maneno yasiyo na adabu kwa mgeni. Ukimwambia hivyo mzee au mhudumu wa hoteli utakuwa umemvunjia heshima. Mwite mtu kwa jina lake la ukoo likifuatwa na *san*, neno la heshima.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mwislamu. Nitaulizaje kuhusu chakula?*

Marahaba. Sema: *Sumimasen, butaniku wa haitte imasu ka?* yaani, samahani, je, imo nyama ya nguruwe? Ukijibiwa *haitte imasu*, imo. *Haitte imasen*, haimo. Uliza vilevile kuhusu *arukooru* (pombe), kwa kuwa sake, pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia, hutiwa katika michuzi mingi. Dukani, tafuta 豚 (nguruwe), 酒 (pombe) na みりん (mirin) katika orodha ya viambato iliyo kwenye pakiti.